Lalamiko la mtoto lisife kwenye benchi la biro



Leo sitasema juu ya yule anayetesa mtoto. Huyo sheria inamjua tangu tarehe 10 Januari 2009, siku Kongo ilipopata sheria yake ya kulinda mtoto. Leo nasema juu ya yule aliyepewa kazi ya kumlinda mtoto, naye haifanyi.

Mama anafika biro na binti yake. Anaambiwa: rudi kesho. Kesho: ajenti hayuko. Kesho kutwa: leta franga za karatasi, leta mafuta ya pikipiki. Siku ya nne mama harudi tena, yuko shambani, maana watoto wengine wanataka kula. Kisha Leta inasema: "Hapa hatujapata lalamiko." Na kweli, ndani ya daftari hakuna kitu! Haki ya yule mtoto imefia kwenye benchi, mbele hata ya kumuona mwamuzi.

Wengine wanauliza: utashitaki wapi, kama unayemshitaki ndiye anapokea mashitaka? Mukumbuke Fizi, tarehe 1 Januari 2011. Wanajeshi waliopewa silaha ili kulinda raia waliwabaka wanawake. Wale wamama hawakunyamaza. Walienda kwa waganga, walisema, maneno yao yakaandikwa. Mahakama ya kijeshi ikashuka hapa Baraka, na tarehe 21 Februari luteni-kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Hata miezi mbili haikutimia. Anayesema mkubwa hashitakiwi, wamama wa Fizi walishamjibu.

Lakini mahakama ile ilikuja, ikaenda. Sisi tunataka kitu cha kila siku.

Tutenganishe mambo mawili. Mtoto akibakwa ao akiteswa, ile ni kesi: hospitali kwanza, siku ileile, kisha polisi ao parke. Musikubali mbuzi, musikubali faini ya kumaliza maneno; tangu 2006 sheria hairuhusu kesi ya ubakaji izimwe kwa faini. Lakini biro ikikataa kupokea, ikiomba pesa, ikilaza dosie, hilo ni lalamiko lingine. Linapita kwa barua, kwa mkubwa wa ile biro.

Na barua hiyo ina nguvu. Katiba yetu, artikle ya 27, inasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia kiongozi wa serikali, naye atajibu katika miezi mitatu. Na hakuna ruhusa ya kukushitaki ju uliandika.

Andikeni tarehe, biro gani, mulifika mara ngapi, muliambiwa nini, muliombwa nini. Kopi mbili. Moja inabaki kwao, ya pili inarudi na kashe na tarehe. Bila kashe, watasema hamukufika.

Jina la mtoto lisitembee. Wengine wetu, kwa hasira, tunatupa picha ya mtoto kwenye WhatsApp. Hiyo ni kumuumiza mara ya pili. Piga picha ya kashe, usipige ya mtoto!

Kwa viongozi, hatuombi jengo wala gari. Tunaomba vitu vitatu. Daftari la malalamiko katika kila biro, kila lalamiko na numero yake. Mtu wa kulipokea asiye yule anayelalamikiwa. Na karatasi ukutani, kwa Kiswahili, inayosema kulalamika hakulipwi.

Tunajua maajenti wengi wanatumika bila mshahara wa kutosha. Tuko tayari kusimama nao kuudai. Lakini deni la Leta lisilipwe na mama wa mtoto.

Kuanzia wiki hii, katika kila kartie, vijana wawili wamusindikize mama anayeogopa kwenda peke yake. Mumusaidie kuandika, mumusubirie kashe, muhesabu siku. Miezi mitatu ikipita bila jibu, tutakutana mlangoni pa ile biro, kwa amani, kopi mkononi, na tutauliza swali moja tu: barua yetu iko wapi?