Kusitiri si Kuficha Uhalifu



Ndugu zangu, usiku huu tukitoka tarawehe wengine wetu tunarudi bwenini. Je, chuo chako kimewahi kukwambia wizi umetokea mara ngapi mwaka jana?

Kule Marekani, mwaka 1986, msichana wa miaka 19, Jeanne Clery, alinajisiwa na kuuawa chumbani mwake katika Chuo Kikuu cha Lehigh. Muuaji alikuwa mwanafunzi mwenzake, na alipitia milango iliyoachwa wazi. Wazazi wake hawakunyamaza. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria: vyuo vitangaze hesabu ya uhalifu kila mwaka, na hatari ikitokea wanafunzi waonywe mara moja.

Sisi husema, "Tusitiriane." Sawa, lakini sitara ni ya aibu iliyo baina ya mja na Mola wake. Aliyeporwa au kunajisiwa ana haki yake, na Suratul Baqara, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi. Chuo kikinyamaza kulinda jina lake, kinamsitiri nani hasa?

Wazazi, siku ya kumpeleka mtoto chuoni, mkishalipa karo na kununua godoro (hayo hamsahau), iombeni hesabu hiyo kwa maandishi.