Ufuatiliaji wa Nasaba na Historia ya Mahali katika Vijiji vya Kusini mwa Marekani: Mfano wa Gee's Bend, Kaunti ya Wilcox, Alabama

Utangulizi

Mada hii inajadili namna nasaba za familia za watu weusi zinavyoweza kufuatiliwa katika kaunti za vijijini za Kusini mwa Marekani, eneo ambalo utumwa ulikuwa halali hadi ulipokomeshwa mwaka 1865. Kaunti ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, na umuhimu wake kwa mtafiti wa nasaba unatokana na kwamba mahakama yake ndiyo iliyotunza hati za ndoa, mirathi, rehani na mauziano ya ardhi, kwa hiyo mtu asiyejua mababu zake waliishi kaunti gani huwa hajui hata pa kuanzia. Mfano uliochaguliwa ni Gee's Bend, kijiji kilichomo ndani ya mpindo mkubwa wa Mto Alabama, ambacho kwa sasa hujulikana rasmi kama Boykin.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nasaba ya familia iliyotoka utumwani haiwezi kujengwa kwa kufuata familia hiyo peke yake. Watu waliohesabiwa kama mali waliandikwa katika karatasi za mwenye mali, na uhusiano wao wa damu haukutambuliwa na sheria, kwa hiyo anayemtafuta babu mmoja hulazimika kuichunguza jamii nzima iliyoishi naye, ardhi iliyowashikilia wote, na koo za mabwana waliowanunua, kuwarithi na kuwaweka rehani. Kwa maneno mengine, utafiti wa nasaba na utafiti wa historia ya mahali ni kazi moja.

Mahali na watu wake

Kaunti ya Wilcox iliundwa mwaka 1819, mwaka ambao Alabama ilikubaliwa kuwa jimbo, na makao yake makuu ni mji mdogo wa Camden. Inakaa katika ukanda wenye udongo mweusi ulioifaa sana pamba, na pamba ndiyo iliyowavuta wakulima wakubwa wa kizungu kutoka majimbo ya pwani ya mashariki kuja huko na watumwa wao. Joseph Gee, mwenye mashamba kutoka Kaunti ya Halifax katika jimbo la North Carolina, alijipatia ardhi katika mpindo wa mto mnamo mwaka 1816, na jina lake likabaki kuwa jina la mahali. Mwaka 1845 shamba hilo liliingia mikononi mwa jamaa wa ukoo wa Gee, Mark Pettway, katika kulipana deni, na mwaka uliofuata Pettway alihamia Alabama pamoja na watumwa wapatao 100, ambao walitembea kwa miguu umbali unaozidi kilomita 1,000.

Msafara huo unastahili kuzingatiwa na mtafiti, kwa kuwa unaigawa historia ya familia nyingi za Gee's Bend katika vipande viwili vilivyohifadhiwa katika majimbo mawili tofauti. Kipande cha kwanza kimo katika hati za North Carolina, na cha pili kimo Camden na katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Alabama iliyoko Montgomery, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1901. Anayeishia Alabama atawapata wazee waliofika mwaka 1846, lakini hatawapata wazazi na ndugu walioachwa nyuma.

Baada ya utumwa kukomeshwa, wengi walibaki kwenye ardhi ileile kama wapangaji na wakulima wa mgao, yaani watu waliolima shamba la mwingine kwa kumpa sehemu ya mavuno na kukopa mbegu, chakula na zana kwa dhamana ya pamba ambayo bado ilikuwa shambani. Mwaka 1932, bei ya pamba ilipokuwa imeanguka, mjane wa mfanyabiashara mmoja wa Camden alidai madeni yaliyoachwa na mumewe, na watu waliotumwa kukusanya wakachukua mifugo, zana na akiba ya chakula ya familia nyingi. Njaa iliyofuata iliifanya serikali ya shirikisho kuingilia kati: ardhi ilinunuliwa, nyumba zikajengwa, na wapangaji wakauziwa mashamba kwa mikopo. Kwa mwanahistoria wa nasaba, mpango huo ulizalisha hazina ya kumbukumbu, zikiwemo picha zilizopigwa na Arthur Rothstein mwaka 1937 na sauti zilizorekodiwa na Robert Sonkin mwaka 1941, ambazo zote zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kizuizi cha mwaka 1870

Sensa ya Marekani hufanyika kila baada ya miaka kumi, na madaftari yake yenye majina ya watu hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, ndiyo maana sensa ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Mtafiti anashauriwa kuanza na sensa ya karibuni iliyo wazi na kurudi nyuma hatua kwa hatua, kwa kuwa kila sensa ina maswali yake. Ile ya 1900 inaonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na kwa mama inaonyesha idadi ya watoto aliowazaa na walio hai. Ile ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na mahali walikozaliwa wazazi wake. Ile ya 1890 iliharibiwa karibu yote kutokana na moto uliozuka Washington mwaka 1921, kwa hiyo kuna pengo la miaka 20 ambamo mtoto angeweza kuzaliwa, kukua na kuhama bila kuonekana katika sensa yoyote.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Kabla yake, mwaka 1850 na 1860, watumwa waliandikwa katika majedwali ya pekee ambamo jina lililoonekana ni la mmiliki tu, na chini yake mistari iliyojaa tarakimu na herufi: umri, jinsia, na rangi iliyogawanywa kuwa nyeusi au chotara. Mwanamke wa miaka 34 na mtoto wa miaka 2 wanaweza kufuatana kwenye ukurasa bila chochote kuthibitisha kwamba ni mama na mwanawe, kwa sababu makarani mara nyingi walipanga watu kwa umri, kuanzia wakubwa hadi wadogo, na kwa mpangilio huo familia zilitawanywa ndani ya ukurasa mmoja.

Hata hivyo, sensa ya 1870 huweza kusomwa kwa kina zaidi ya majina yake. Mtu aliyeandikwa katika Kaunti ya Wilcox kuwa na umri wa miaka 24 au zaidi, na kwamba alizaliwa North Carolina, anaweza kuwa mmoja wa waliotembea katika msafara wa 1846. Dalili hiyo huongezewa nguvu iwapo majirani zake walioandikwa kabla na baada yake wana asili hiyohiyo, na iwapo sensa ya 1880 inataja North Carolina kuwa mahali walikozaliwa wazazi wa watoto waliozaliwa Alabama. Hakuna safu moja katika daftari inayotosha kuwa ushahidi, lakini safu kadhaa zinazokubaliana hutoa dhana inayoweza kupimwa kwa nyaraka nyingine.

Kati ya 1865 na 1870 zipo nyaraka zinazosaidia kuruka kizuizi hicho. Alabama ilifanya sensa yake ya jimbo mwaka 1866, iliyotaja wakuu wa kaya weusi kwa weupe. Mwaka 1867 wanaume waliandikishwa kuwa wapiga kura chini ya sheria za Ujenzi Mpya, yaani kipindi ambacho serikali ya shirikisho ilisimamia kurejeshwa kwa majimbo yaliyoasi, na kwa wanaume wengi weusi daftari hilo ni miongoni mwa nyaraka za mwanzo kabisa zinazowataja kwa jina kamili kama raia. Idara ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1865 kuwahudumia walioachiwa huru iliacha mikataba ya kazi, orodha za mgao wa chakula na barua za malalamiko, na benki ya akiba iliyoanzishwa mwaka huohuo, yenye matawi Huntsville, Mobile na Montgomery, iliandika majina ya wazazi, wenzi na ndugu wa wateja wake.

Nyaraka za mwenye mali

Nyuma ya mwaka 1865 njia inapitia kwa mmiliki. Mwenye watumwa alipofariki, mahakama ya mirathi, ambayo huthibitisha wosia na kusimamia ugawaji wa mali, iliteua watu wa kuorodhesha na kuthamini kila alichoacha. Katika orodha za aina hiyo jina la mtu huonekana likifuatiwa na bei, kwenye ukurasa uleule wenye nyumbu, majembe na magodoro, na pengine mama huandikwa pamoja na mtoto mchanga kwa thamani moja. Ni ukurasa mzito kusomwa na mjukuu, lakini mara nyingi ndio pekee unaomtaja mama na mtoto wake kwa pamoja, na mtafiti hana budi kuunakili wote bila kuruka mstari, kwani jina analolitafuta leo linaweza kuwa jirani, shangazi au mkwe wa jina analolijua.

Orodha za mirathi hukamilishwa na hati za mauziano, wosia, na mikataba ya rehani ambamo watumwa waliwekwa dhamana ya mikopo. Nyaraka hizo hufuata ndoa na vifo vya ukoo wa mmiliki, kwa kuwa binti aliyeolewa angeweza kupewa watumwa kama zawadi ya ndoa na kuondoka nao hadi kaunti nyingine. Hivyo, shajara ya ukoo wa Gee na wa Pettway wa kizungu inapaswa kuchorwa kwa uangalifu uleule unaotumika kwa familia inayotafutwa, maana kila tawi lake ni njia ambayo watu wangeweza kupelekwa.

Jina la ukoo na undugu wa damu

Gee's Bend inatoa onyo kubwa kuhusu majina. Wakazi wake wengi waliendelea kuitwa Pettway baada ya utumwa, ingawa hawakuwa wote wa damu moja wala hawakuwa wote na damu ya Mark Pettway. Jina hilo ni ushahidi wa shamba walikokuwa, nalo halithibitishi uzazi. Kosa la kuwaunganisha Pettway wawili kwa sababu ya jina tu linaweza kuharibu kazi ya miaka mingi, kama ambavyo kosa la kinyume, la kuwatenganisha ndugu wawili kwa sababu mmoja alichagua jina la bwana wa awali, hulifanya tawi zima lipotee. Kinga ya makosa yote mawili ni kujenga orodha ya jamii nzima: kila kaya, majirani zake, mashahidi wa ndoa zake, na majina ya kwanza yanayorudiwa kizazi baada ya kizazi.

Simulizi, makaburi na vitu vya nyumbani

Jan Vansina, aliyefanya utafiti Congo, Rwanda na Burundi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba simulizi za mdomo zinaweza kutumika kama chanzo cha historia iwapo zitahakikiwa kwa utaratibu, na msimamo huo unafaa vilevile Alabama. Familia moja ya Gee's Bend ilirithishana habari za bibi aitwaye Dinah, aliyeletwa kwa meli kutoka Afrika. Kwa kuwa Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, masimulizi ya namna hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa hadithi tu. Lakini meli iitwayo Clotilda iliingia kwa siri katika Ghuba ya Mobile mwaka 1860 ikiwa na mateka wapatao 110, na mwaka 2019 mabaki yake yalitambuliwa rasmi. Simulizi isiyolingana na sheria ya wakati wake, kwa hiyo, haipaswi kutupwa kabla ya kuulizwa kama sheria yenyewe ilitiiwa.

Makaburi ya zamani mara nyingi hayana maandishi: hutambulika kwa mawe ya kawaida, kwa mashimo ya kina kifupi yaliyodidimia ardhini na kwa mpangilio wa kuelekea mashariki, na yanahitaji kupigwa picha na kuchorwa ramani kabla mashamba na misitu havijayafunika. Karatasi za ibada ya mazishi, ambazo makanisa ya watu weusi huzichapisha zikiwa na wasifu wa marehemu na majina ya jamaa, zinapaswa kukusanywa kutoka kwenye makabati ya wazee.

Gee's Bend inajulikana pia kwa mablanketi ya viraka yanayoshonwa na wanawake wake, ambayo yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston mwaka 2002. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona moja kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki, ili ajifunike kwa kumbukumbu yake, na habari hiyo ilihifadhiwa na binti yake Arlonzia. Blanketi lile ni hati ya familia: linathibitisha ndoa, kifo, kazi ya shambani na mikono iliyolishona, mradi anayejua habari zake ameulizwa na maneno yake yameandikwa.

Upimaji wa vinasaba, yaani ulinganishaji wa sehemu za urithi wa kibayolojia zinazofanana kati ya watu, umeongeza chombo kipya. Binamu wa kwanza hushiriki kwa wastani asilimia 12.5 ya vinasaba, lakini kiwango hicho hupungua haraka kadiri undugu unavyokuwa wa mbali, hata jamaa wa kweli wakaweza wasionyeshe ulinganifu wowote. Matokeo ya maabara huonyesha kwamba undugu upo bila kutaja babu aliyeuleta, na jibu la swali hilo hutafutwa katika nyaraka na simulizi.

Hitimisho na mapendekezo

Mjadala huu unaelekea kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, wazee wahojiwe na kurekodiwa kabla ya safari ya kwanza ya kwenda mahakamani, kwa sababu hati zitasubiri lakini wazee hawatasubiri. Pili, familia za kaunti moja ziunganishe kazi zao katika orodha ya pamoja ya watu, mashamba na makaburi, badala ya kila familia kujenga shajara yake na kukwama mahali palepale. Tatu, kila dai la undugu liandikwe pamoja na ushahidi wake na kiwango cha uhakika wake, ili anayekuja baadaye aweze kulithibitisha au kulisahihisha.

Watu wa Gee's Bend walihesabiwa bila majina mwaka 1850 na 1860, na mwanzoni mwa mwaka 1965 Kaunti ya Wilcox haikuwa na mpiga kura mweusi hata mmoja aliyeandikishwa. Katika historia ya namna hiyo, kumrudishia mtu jina lake, wazazi wake na mahali pake ni wajibu wa kitaaluma na wa haki kwa wakati mmoja, nao unatimizwa vizuri zaidi pale jamii nzima inapotafutwa pamoja.