Kadenge na Mpira



Ndugu wanafunzi, nilipokuwa mtoto kule Nkwenda, Karagwe na Kyerwa zikiwa bado wilaya moja, mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya migomba, yaliyokazwa kwa kamba za mgomba huohuo. Ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe, na usiku vidole viliuma. Aliyeupata alijitangaza mwenyewe huku akikimbia: “Kadenge na mpira! Kadenge na mpira!” Miaka ikapita kabla sijajua kwamba Kadenge ni mtu. Nilidhani ndivyo asemavyo kila mwenye mpira mguuni.

Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935 magharibi mwa Kenya. Aliichezea Maragoli United, kisha Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, na akawa mshambuliaji wa timu ya taifa katika miaka ya 1950 na 1960. Huo ulikuwa wakati wa Kombe la Gossage, lililobeba jina la watengeneza sabuni. Lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949.

Waliomwona kwa macho ni waliofika uwanjani. Sisi wengine tuliletewa na redio. Babu yangu alianika betri juani ili zipate nguvu ya dakika tisini, na watu wazima waliinama kuizunguka redio kama wanaoota moto. Sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ndiyo iliyoliweka jina hilo vinywani mwa watu. Yatazameni maneno yenyewe: hayana kitenzi. “Na” peke yake imebeba kumiliki, kukimbia na hatari inayokuja, kwa sababu mtangazaji hana nafasi ya kumaliza sentensi wakati mguu umeutangulia ulimi. Kiswahili cha mpira tunachokizungumza leo kimefinyangwa na haraka hiyo, na mimi nakiheshimu kama ninavyoheshimu tenzi.

Lakini sifa haikuwa mshahara, ingawa kwingineko wachezaji walikuwa wameshapigania malipo. Kaskazini mwa Uingereza vilabu vya raga vilijitenga mwaka 1895, vikidai mchezaji afidiwe ujira wa siku aliyoikosa kazini. Ndiko ilikotoka raga ya wachezaji kumi na watatu, na katikati ya karne iliyopita mchezaji wake alilipwa kwa jasho lake. Kadenge, ambaye watoto wa nchi jirani walijiita kwa jina lake, alikuja kuendesha teksi Nairobi ili aishi. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Alifariki Julai 7, 2019, akiwa na miaka 84.

Nanyi mnao akina Kadenge wenu. Mwezi uliopita, Kaisho, mzee mmoja alipandisha suruali yake hadi gotini, akanionyesha kovu alilolipata kwenye mechi ya shule mbele ya padri aliyekuwa mwamuzi. Alikumbuka nani alimpa pasi, nani alikaa golini, jua lilikuwa upande gani. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Chukueni simu zenu zenye kinasa sauti, nendeni Murongo, Isingiro, Nyaishozi, Bugene. Anzeni kwa kuuliza mpira wenyewe ulitengenezwa kwa kitu gani, kisha nyamazeni, mwacheni mzee aseme.