KITABU CHA LEO: MNYONYA DAMU ALIYEKATAA DAMU YA WATU

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu]

Mpenzi msikilizaji, popote ulipo kambini, uwe ndani ya nyumba au kwenye foleni ya maji, karibu. Leo nimekuja na kitabu ambacho sikutegemea kingenipendeza. Kinaitwa Twilight, kimeandikwa na Mmarekani Stephenie Meyer, na kilitoka mwaka 2005. Ninyi mnaosoma Kifaransa, tafuteni jina la Fascination. Ni hadithi ya msichana wa shule anayempenda kijana mnyonya damu.

Najua unacheka. Hata mimi nilicheka. Sisi tuliotishwa utotoni kwa habari za mumiani, mnyonya damu si mtu wa kuandikiwa barua ya mapenzi! Tena kitabu ni kinene, karibu kurasa 500. Nikasema nitasoma kurasa kumi tu.

Kilichonishika ni habari ya kuhama. Bella ana miaka 17. Mama yake ameolewa upya, naye anatoka Phoenix, mji wa jua kali, anakwenda kuishi na baba yake Forks, mji mdogo wa mvua isiyokatika. Siku ya kwanza shuleni macho yote yako kwake. Wote wanalijua jina lake, naye hajui la yeyote. Wewe uliyefika mahali pageni, majirani wakakuhesabia hata sufuria, unaijua siku hiyo. Ni kweli, Bella hakukimbia risasi, alipanda ndege. Lakini ugeni ule ameuandika vizuri.

Halafu kuna baba yake, Charlie, mkuu wa polisi wa mji, mtu wa maneno machache. Hajui kuzungumza na binti aliyekua mbali naye. Asubuhi moja barabara imeganda barafu, na Bella anashangaa pikapu yake kuukuu haitelezi. Akifika shuleni anashuka kutazama: magurudumu yamefungwa minyororo. Baba ameamka alfajiri akaifunga, wala hakusema. Binti anashikwa na kwikwi ya machozi. Ukurasa huo niliurudia mara mbili. Akina baba mnaonisikiliza, wapo watoto wanaoona mnayoyafanya kimya kimya.

Na wanyonya damu wenyewe? Ni familia ya Cullen. Baba yao, Carlisle, ni daktari wa hospitali. Ana zaidi ya miaka 300, kila siku yuko karibu na damu, na hajaua mtu kwa ajili ya njaa yake. Wanawinda wanyama porini. Edward, kijana anayependwa na Bella, amebaki na sura ya miaka 17 tangu 1918, Carlisle alipomwokoa akifa kwa homa ya mafua huko Chicago. Kwa kuwa hawazeeki, hawawezi kukaa mji mmoja muda mrefu. Majirani wakianza kushangaa, wanafunga mizigo. Hilo nalo si geni kwetu.

Lipo jambo moja nalikataa. Edward huingia chumbani kwa Bella usiku, akamtazama amelala, bila yeye kujua. Mwandishi analipamba kama mapenzi. Dada yangu, mwanamume anayeingia ulikolala bila ruhusa yako, hata awe mzuri namna gani, mpigie kelele! Na wewe kaka, usiige hapo.

Wazazi, kuna wanaonyang'anya vijana vitabu vya namna hii. Mimi ningeomba mkae nao, msome hasa sura hiyo ya usiku, kisha muulizane.

Swali kwa vikundi vya wasikilizaji: Bella alipogundua kwamba Edward huingia chumbani kwake, mngemshauri amwambie nini?

[Muziki unapanda]