Droni Ikianguka, Tuanzie Wapi? Betri, Upepo na Kumbukumbu za Safari



Tangu 2016, Zanzibar ilipoanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni kwa ajili ya ramani, kazi hii imeenea mashambani, kwenye ujenzi na hata harusini. Watoto hukusanyika popote tunaporusha. Ndiyo maana ajali inayofungwa kwa maneno "ni upepo tu" hainiridhishi. Kwa maoni yangu, nyingi kati ya ajali hizo chanzo chake ni betri, na betri ilishatoa dalili mapema. Tatizo ni kwamba tunatazama asilimia, wakati asilimia ni makadirio ya programu. Kinachopimwa ni volti.

Seli moja ya lithiamu polima ikijaa huwa na volti 4.2, ikishuka chini ya 3.0 inaharibika. Sasa chukueni betri ya seli tatu inayosoma jumla ya volti 10.8. Ukigawa kwa tatu unapata 3.6, unaona mambo ni shwari. Fungua ukurasa wa seli moja moja: 3.8, 3.8, na ya mwisho 3.2. Hiyo ya mwisho imechoka. Droni ikielea imetulia, hutagundua kitu. Ipandishe kwa kasi, mota zidai umeme mwingi kwa mkupuo, seli ile itaporomoka peke yake na chombo kitashuka bila kuamriwa, au kitazimika angani, huku skrini ikionyesha chaji ya kutosha. Rubani akiapa kwamba betri ilikuwa na chaji, hasemi uongo.

Seli huchoka kwa umri, kwa joto na kwa kuhifadhiwa ikiwa imejaa. Hapa kwetu hayo mawili ya mwisho huenda pamoja: tunachaji usiku, asubuhi mvua inanyesha, kazi inaahirishwa, betri zinabaki zimejaa wiki nzima ndani ya gari lililofungwa juani. Betri ya kuhifadhi iwe karibu na volti 3.8 kwa seli, mahali pa baridi kiasi. Ikishavimba, ndani mna gesi. Isitobolewe, wala isikandamizwe ili iingie kwenye nafasi yake. Haina tiba. Na tafadhali, tuache kuchaji juu ya godoro la nyumba ya wageni. Chaji kwenye sakafu ya saruji, ukiwapo.

Upepo nao una hesabu yake. Droni yenye mwendo wa mita 12 kwa sekunde ikisukumwa na kusi ya mita 7 itakwenda mita 19 kwa sekunde. Umbali wa mita 1,900 utaumaliza kwa sekunde 100. Kurudi, unabaki na mita 5 tu kwa sekunde, yaani sekunde 380. Aliyegeuza akiwa na nusu ya betri, akidhani nusu itamfikisha, ataangukia baharini. Basi tuanze kwa kwenda dhidi ya upepo, turudi tukisukumwa nao.

Si kila ajali ni ya betri. Droni inayopinduka palepale inapoinuka, kagua kwanza kama mapanga yamefungwa kwa upande wake. Inayozunguka kwa duara linalozidi kupanuka huenda dira yake imevurugwa. Kurushia juu ya zege lenye nondo ni sababu ya kawaida.

Ajali ikitokea, hakikisha kwanza hakuna aliyeumia na betri haitoi moshi. Kisha usikusanye vipande haraka. Piga picha: betri imekaa au imechomoka? Mapanga yamesagika yote, dalili kwamba mota zilizunguka mpaka chini, au yamebaki karibu mazima, dalili kwamba umeme ulikatika kabla? Halafu fungua kumbukumbu ya safari, usome mstari wa mwisho. Kama unakomea kwenye kimo cha mita 40, huenda chombo kilikosa umeme kikiwa angani. Kama kumbukumbu inaendelea mpaka chini, na mota moja inaamriwa nguvu zote huku chombo kikizidi kuinamia upande wake, mtafute mhalifu kwenye mota hiyo au panga lake, si kwenye betri.

Ninapendekeza kila kikundi cha marubani na mafundi kiandike namba kwenye kila betri kwa kalamu isiyofutika, na kiwe na daftari la tarehe ilipoanza kutumika, idadi ya chaji, dakika ilizoruka, na volti za kila seli baada ya kutua na kupoa. Tofauti ya seli ikizidi volti 0.1 mara kwa mara, betri hiyo isirushwe tena juu ya watu. Ikifika 0.2, iondolewe kazini kabisa, hata kama mteja anasubiri na ndiyo pekee iliyobaki na chaji.