Ndoo ya Kila Mtu: Ugawaji wa Kumbukumbu katika Seva
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Singida)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutunza seva za hifadhidata. Nitasema jambo moja tu, nalo ni namna ya kugawa kumbukumbu ya seva. Jina lisiwatishe. Kila aliyepanga foleni ya maji katika mkoa huu wakati wa kiangazi analijua jambo lenyewe.

Seva ya hifadhidata ni kompyuta inayotunza taarifa na kuwajibu watu wengi kwa wakati mmoja. Taarifa hukaa kwenye diski, ambayo ni kubwa lakini ni ya polepole, kama kisima kilicho mbali. Ili ijibu upesi, seva hufanyia kazi kwenye kumbukumbu, ambayo ni ya haraka lakini ni haba. Kumbukumbu ndiyo maji yetu ya siku.

Jambo hili linatuhusu. Zahanati za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni hujaza vitabu vya MTUHA, na hesabu za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliosambazwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Mfumo huo hutumia hifadhidata ya PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na isiyodai ada ya leseni. Hifadhidata ya namna hiyo ikikwama, hesabu za watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua huchelewa, na mpangaji hupanga kwa kubahatisha.

Sasa nitoe mfano. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliniita nitazame seva yake ya PostgreSQL yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Alfajiri ilikwenda vizuri. Ikifika saa nne, watu wakijaa, ilikatika. Barua ya kuomba fedha za seva mpya ilikuwa imekwisha kuandikwa. Niliomba kwanza nione mgao.

Fungu la pamoja, liitwalo shared_buffers, tulifananishe na tanki la jikoni. Lilikuwa gigabaiti 4, yaani robo, kama inavyoshauriwa. Lakini fungu la pili, work_mem, ambalo ndiyo ndoo ya kila mtu, lilikuwa limepandishwa kutoka megabaiti 4 za kawaida hadi 64. Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba kipimo hicho si cha seva nzima, wala si cha mtu mmoja. Ni cha kila kazi ya kupanga au kulinganisha orodha, na swali moja laweza kuwa na kazi mbili au zaidi.

Tufanye hesabu. Watu 100, kila mmoja ndoo 2, kila ndoo megabaiti 64: jumla 12,800. Ongeza 4,096 za jikoni, unapata 16,896. Mashine nzima ina 16,384, na mfumo endeshi wenyewe bado haujapata tone. Kumbukumbu ikiisha, Linux huiua kazi mojawapo. Hapo PostgreSQL, ili kulinda taarifa, huwakata watu wote na kuanza upya.

Dawa haikuhitaji fedha. Tuliweka foleni, watu 40 wahudumiwe kwa wakati mmoja na wengine wangoje kidogo. Ndoo tukaishusha hadi megabaiti 8. Asiyetosheka nayo huandika kazi yake ya muda kwenye diski. Atachelewa, lakini atamaliza. Tuliagiza seva iandike kila anapotokea mtu wa namna hiyo, ili tujue ni nani mwenye haja ya kweli. Alikuwa mmoja tu, mtayarishaji wa ripoti ya mwezi. Huyo tukampa ndoo kubwa peke yake, tena usiku.

Ndugu zangu, mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa hotuba aliyoiita Kupanga ni Kuchagua. Alikuwa akizungumzia mpango wa maendeleo wa taifa, lakini mtunza seva naye hana njia nyingine. Kumpa kila mtu ndoo kubwa huonekana ni ukarimu, kumbe ni kukataa kuchagua, na anayelipa ni yule wa mwisho kwenye foleni.

Wengi wenu leo mmo katika halmashauri na kamati za hospitali. Nina ombi. Ikija mezani barua ya kuomba seva mpya, msiikatae wala msiipitishe kabla ya kuuliza mambo matatu: kumbukumbu iliyopo ni kiasi gani, imegawanywa vipi, na ni watu wangapi huingia kwa mara moja? Pengine seva mpya itahitajika kweli. Pengine fedha hizo zitabaki, na zahanati fulani itapata jokofu la chanjo.