Yaya Akizeeka

Mtu apitaye asubuhi katika mtaa wa Milimani, Nakuru, huenda akamwona mama mzee amemshika mkono mtoto wa shule, wakingojea gari. Si nyanya yake. Ni yaya, na pengine ndiye aliyemlea baba wa mtoto huyo pia. Mtoto akishikwa na homa, mama huyu hukesha, wala hakeshi kwa ajili ya mshahara. Mapenzi hayo ni ya kweli, na asiwepo wa kuyadharau.

Lakini hayakuandikwa mahali popote. "Huyu ni mtu wa nyumbani," husema bwana, na kwa neno hilo mkataba haufanywi, wala jina la yaya halipelekwi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa mwaka 1965. Nani huandikiana mkataba na shangazi yake? Basi heshima ile ile ndiyo imnyimayo akiba ya uzeeni.

Jambo hili ni la zamani. Wakati wa walowezi wa Njoro, Molo na Naivasha, kipande kilionyesha mwajiri na mshahara. Kilichukiwa, na kwa haki. Lakini kilikuwa cha wanaume, hivyo miaka ya yaya haikuhesabiwa na mtu. Walowezi wengi walipouza mashamba katika miaka ya 1960, yaya alibaki na barua ya sifa, kama aliipata.

Sasa sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aandike mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi. Yampa mtumishi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, kwa mshahara. Asiyekuwamo katika Mfuko, kazi yake ikikoma kwa notisi, hustahili malipo kwa kila mwaka aliotumika. Lakini adai mapema, kwani miaka 3 ikipita mahakama haitamsikiliza.

Mara nyingi mzee mwenyewe haulizi. Huona haya kumdai mtu aliyembeba mgongoni. Yafaa basi mwajiri aanze yeye. Aketi naye, na jamaa yake mmoja awepo, waihesabu miaka tangu siku alipofika mlangoni na mzigo wake, na hesabu hiyo iandikwe angali ana nguvu za kwenda mwenyewe kuipokea.